Samaki wako wa mapambo hawazai? Kwanza mjue jike ni yupi

Watu huja kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na ndoo yenye kifuniko au picha kwenye simu, na swali lao huwa lile lile: mbona samaki wangu hawazai? Kabla sijauliza habari ya maji wala chakula, mimi huuliza jike ni yupi. Hapo kidole huelekezwa kwa samaki mdogo kuliko wenzake, au kwa yule aliyepauka. Kwa kuku kanuni hiyo inafaa. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika imewapotezea watu wengi miaka, nami nikiwemo.

Ziwa letu lina aina zinazokaribia 250 za samaki wa ukoo wa perege, wanaoitwa sikilidi kitaalamu, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Wapo wanaotaga mapangoni, wapo wanaotaga ndani ya makombe ya konokono, wapo wanaobeba mayai mdomoni. Kila kundi lina namna yake ya kutofautisha dume na jike, na ukikosea hapo utakuwa unatibu ugonjwa usiokuwepo, hata ubadilishe maji kila siku. Kwa hiyo nimeyapanga mambo kwa malalamiko jinsi ninavyoyasikia, na kwa utaratibu ninaoufuata ninapokagua tangi: jinsia kwanza, kisha maji, kisha tumbo, ndipo mayai na vifaranga. Badilisha kitu kimoja, subiri wiki mbili, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na samaki wakazaa, hutajua kilichosaidia. Wakifa, hutajua kilichoua.

Majina nitakayotumia ni yale ya kitabu, maana samaki hawa si wa kuliwa kama mgebuka au kuhe, na wengi hawana jina moja linaloeleweka kila mwalo.

"Wote wanafanana, sioni dume wala jike"

Lalamiko hili nalisikia zaidi kwa wenye Tropheus, samaki wa mawe wanaokula mwani, hasa aina ya duboisi. Mtoto wa duboisi ni mweusi mwenye vitone vyeupe mwili mzima. Akikua vitone hufutika, kichwa huwa cha buluu, na mkanda mweupe au wa njano huzunguka kiwiliwili. Dume na jike hupitia mabadiliko hayo hayo, kwa hiyo rangi haikwambii kitu. Ukubwa nao hukudanganya, kwa sababu anayetawala hula zaidi na kukua haraka. Njia ya kuaminika ni kumgeuza na kumtazama chini.

Lowesha mikono na wavu kwanza, maana mkono mkavu humtoa samaki ute unaomlinda. Chukua aliyefikisha sentimita nane hivi. Chini ya hapo utakuwa unakisia. Mlaze chali kiganjani ukiwa juu ya beseni la maji ya tangi lake, ili akikuponyoka aangukie majini. Nyuma ya mapezi ya tumbo, kabla ya lile pezi refu la chini linaloelekea mkiani, utaona matundu mawili yaliyofuatana. La mbele ni la haja. La nyuma, lililo upande wa mkia, ndilo la uzazi. Kwa dume matundu hayo yanakaribiana ukubwa, na la nyuma ni jembamba. Kwa jike la nyuma ni pana kuliko la mbele, limejipinda kama mwezi mwandamo.

Siku ya kwanza utaona vipele viwili vyeupe tu, usikate tamaa. Mimi nilielewa nilipowapitisha samaki sita mfululizo, nikampiga kila mmoja picha ya karibu kwa simu, kisha usiku nikakaa kuzilinganisha. Samaki mmoja peke yake hana cha kulinganishwa naye. Ukiwa na sita, wawili watatu watajitenga wenyewe machoni pako, na baada ya hapo hutasahau. Sekunde ishirini nje ya maji zinatosha. Asiyeeleweka mrudishe, umjaribu tena baada ya mwezi.

Julidochromis, wanaotaga kwenye nyufa za mawe, ndio waliowachanganya wengi. Kwa marlieri na regani, jike ndiye mkubwa, na mara nyingi ndiye mkali. Nimeona mtu akimwondoa "dume mkorofi" ili kumwokoa "jike mnyonge", kumbe amemtoa mama mwenye tangi na kuacha kidume kikizunguka pango tupu. Hapa pia tazama chini: dume ana kichomozo chenye ncha, cha jike ni butu.

Kwa wakaao kwenye makombe ya konokono mambo hugeuka tena. Callipterus dume huweza kumzidi jike uzito zaidi ya mara kumi, kwa sababu yeye hukusanya makombe kwa kuyabeba mdomoni na kuyarundika, na jike ndiye anayepaswa kuenea ndani. Hapo mkubwa ni dume bila ubishi. Lakini mdogo si lazima awe jike: wapo madume wa asili ya udogo, wembamba mno, ambao hujipenyeza ndani ya kombe nyuma ya jike na kurutubisha mayai kwa kuiba. Mwenye tangi lenye "majike" watano na mmoja wao hatagi kamwe, hilo alifikirie.

Brichardi, yule mwenye mapezi yaliyochongoka kama nyuzi, ana tofauti ndogo mno ya kuonekana kwa macho. Usihangaike naye. Nunua sita hadi wanane wakiwa wadogo, wakue pamoja, na siku utakapoona wawili wamewasukumia wenzao wote kwenye kona moja ya juu, hao ndio mke na mume. Watoe wengine siku hiyo hiyo, kwa sababu kufikia kesho baadhi watakuwa wamekufa.

Frontosa anahitaji subira. Nundu ya kichwani huwa nayo dume na jike, ya dume huwa kubwa zaidi, na hukomaa polepole. Miaka mitatu si mingi. Huyu wetu wa Kigoma hutambulika kwa mistari saba mahali ambapo ndugu zake wana sita, lakini idadi ya mistari haihusiani na jinsia, ingawa nimewahi kuulizwa hivyo zaidi ya mara moja.

Cyprichromis na gapi hawana shida. Kwa wote wawili dume ndiye mwenye rangi, na gapi dume ana pezi la chini lililogeuka kijiti.

"Nilinunua dume mmoja na majike wanne, sasa madume ni wawili"

Huyu ni burtoni, samaki wa midomo ya mito na vidimbwi vya pembezoni mwa ziwa, na muuzaji wako huenda hakukudanganya kwa makusudi. Dume wa burtoni anayetawala hung'aa njano au buluu, ana mstari mweusi unaokata jichoni, na kwenye pezi la chini ana vitone vya rangi ya chungwa vinavyofanana na mayai. Vitone hivyo vina kazi: jike akishakusanya mayai yake mdomoni hujaribu kuviokota na hivyo, akadhani ni mayai, na hapo ndipo humeza mbegu za dume.

Sasa, dume aliyeshindwa huzima rangi zote hizo. Hupauka akafanana na jike, huogelea na majike, hata uwezo wake wa kuzaa hushuka. Mtoe mtawala kwenye tangi na ndani ya dakika chache utaona mmoja wa "majike" anaweka mstari jichoni na kuanza kufukuza wenzake. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Mtenge mtawala kwenye ndoo yenye hewa kwa saa chache, keti mbele ya kioo, na utazame nani anabadilika. Kisha angalia vitone vya pezi kwa makini, kwa sababu hata dume aliyepauka havipotezi kabisa.

Ukimpata dume wa pili, amua: tangi la mita moja na zaidi lenye mawe ya kugawa mipaka linaweza kuwabeba wote. Tangi dogo halitawabeba.

"Jinsia nina hakika nazo, lakini hawana habari"

Sasa njoo kwenye maji. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana ubesi mkali, pH yake, yaani kipimo cha uchachu na ubesi, ni kati ya 8.6 na 9.2, na joto la juu juu halitoki sana nje ya nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima. Samaki aliyezaliwa kwenye maji hayo akikuta tofauti atakula, ataogelea, atapendeza, ila hatataga.

Mzee mmoja wa Ujiji alikuwa na jozi nzuri ya brichardi iliyokoma kuzaa ghafla. Chakula sawa, tangi safi. Nilizunguka nyumba nikaona bomba la bati linashuka kwenye simtanki: tangu mvua zianze alikuwa akibadilisha maji kwa maji ya mvua, kwa kuwa ni meupe na hayana klorini. Maji ya mvua hayana madini. Kila alipobadilisha ndoo moja alikuwa akiwaondoa samaki ziwani hatua kwa hatua. Tulirudisha maji ya ziwa ndoo moja kila baada ya siku mbili, si kwa mkupuo, na kabla ya mwezi wa pili kuisha vifaranga walikuwa wakichungulia kwenye nyufa za mawe.

Kwa sisi wa Kigoma dawa ni rahisi kuliko kwa mtu wa Dar au Dodoma: ziwa liko pale. Chota mahali penye mawe na mawimbi, mbali na mitaro na wanapofulia, na usichote siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, wakati vijito vimeshusha tope. Ukitumia maji ya bomba yaache kwenye beseni wazi siku nzima na usiku wake, yapigwe na pampu ya hewa ikiwezekana, klorini iondoke.

Kuna hatari moja ya maji yetu ambayo lazima niiseme kwa herufi kubwa ingawa haihusiani na uzazi peke yake. Uchafu wa samaki hutoa amonia. Katika maji ya pH 7, chini ya asilimia moja ya amonia hiyo huwa katika hali ya sumu kali. Katika maji ya pH 9 yenye joto la hapa, ni zaidi ya theluthi. Kiasi kile kile cha chakula kilichooza, ambacho samaki wa mtu mwingine wangekivumilia, kwako kinaua. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wanaokula amonia wajijenge kwenye chujio. Usiweke samaki wa kuzalisha kabla ya hapo, na usioshe sponji ya chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua bakteria hao. Ioshe ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini.

Joto nalo: tangi la lita arobaini chini ya bati, mwezi wa tisa saa nane mchana, linapanda kupita nyuzi 30, na usiku wa Julai linashuka sana. Lihamishie kwenye ukuta wa ndani usiopigwa jua. Kipimajoto cha kubandika ni cha bei ndogo, na kitakueleza katika siku tatu kile ambacho ungekisia kwa miezi.

Maji yakiwa sawa, angalia makazi. Julidochromis asiye na ufa wa jiwe hana pa kutaga. Ocellatus asiye na kombe hana nyumba. Mpe makombe mawili kwa kila samaki, ya konokono mkubwa wa ziwani, yaliyochemshwa, na mchanga laini wa kina cha vidole viwili, kwa sababu yeye hulifukia kombe lake atakavyo. Na Tropheus hapendi kuwa wawili. Jozi ya Tropheus tangini ni mauti ya mmoja wao. Anza na kumi na wawili au zaidi, majike wengi kuliko madume, ili ukali wa mtawala ugawanyike.

"Tumbo limejaa, nasubiri atage"

Hapa tafadhali usisubiri. Nenda ukamwangalie sasa.

Jike mwenye mayai hula kwa pupa, hujitokeza, uvimbe wake uko nyuma ya tumbo na tundu la uzazi limechomoza kidogo. Samaki mgonjwa wa tumbo hutema chakula, hujitenga juu karibu na chujio au kwenye kona, hupumua haraka, na kinyesi chake ni kirefu, cheupe, kama uzi uliolowa. Huyo wa pili ana siku chache.

Kwa Tropheus chanzo kikubwa ni chakula. Utumbo wao ni mrefu sana, umeumbwa kwa ajili ya mwani wanaoukwangua kwenye mawe. Ukiwapa dagaa waliosagwa kila siku, au nyama, au maini, chakula kinakaa ndani muda mrefu kuliko kinavyopaswa na kuharibika. Nasema dagaa kwa sababu ndio tulio nao kwa wingi, na kila mtu huanza nao. Wape brichardi, wape frontosa. Usimpe duboisi.

Badala yake weka mawe bapa kwenye beseni la maji juani. Baada ya wiki mbili yanakuwa ya kijani na yanateleza. Ingiza jiwe moja tangini, na ukae ulione: kundi zima linalivamia, midomo inagonga jiwe kama mvua ya rasharasha juu ya bati, na kufikia jioni jiwe ni jeupe. Lirudishe juani, ingiza lingine. Nina mawe manane yanayozunguka hivyo. Mchicha uliochemshwa kidogo na kukamuliwa unafaa siku za mawingu.

Aliyekwisha kuugua mtenge, acha kumlisha siku tatu, badilisha theluthi ya maji kila siku, na tafuta ushauri wa mtaalamu wa mifugo kuhusu dawa badala ya kukisia vidonge. Ukiwahi siku ya kwanza anayotema chakula, wengi hupona. Ukisubiri avimbe, mara chache.

"Mayai yamegeuka meupe"

Yai hai la samaki wa mapangoni lina rangi ya maziwa ya njano au kijani iliyofifia na linang'aa. Lililokufa huwa jeupe kama chokaa, kesho yake lina manyoya ya ukungu. Yakigeuka machache, ni kawaida. Yakigeuka yote, rudi kwenye swali la kwanza: una hakika mmoja wao ni dume? Majike wawili waliokaa pamoja bila dume huweza kushika pango, kulilinda na kutaga vizuri kabisa. Mayai mengi kuliko kawaida, yote meupe, mara mbili mfululizo, kwangu ni dalili ya majike wawili mpaka ithibitike vingine.

Kama dume yupo, huenda ni mchanga. Mtago wa kwanza na wa pili mara nyingi huharibika, mwachie wa tatu. Kama ni mzoefu, angalia mzunguko wa maji pangoni, na uangalie kama mtu anawasha taa usiku wa manane wazazi wakashtuka wakaacha mayai.

"Alikuwa na mayai mdomoni, leo mdomo uko tupu"

Jike mzazi wa mdomoni utamjua kwa koo lililoshuka na mdomo unaotafuna taratibu bila chakula, anageuza mayai. Burtoni hubeba kama wiki mbili, Tropheus karibu wiki nne. Tropheus hutaga mayai machache, mara nyingi chini ya kumi na tano, lakini makubwa kama punje za dengu. Akimeza, umepoteza mwezi.

Mara ya kwanza jike yeyote huweza kumeza, wala si kosa lako. Mara ya tatu, tafuta sababu. Mayai hayakurutubishwa, basi kayameza kwa haki yake. Au alifukuzwa na dume. Au uliingiza wavu kumhamisha siku ya pili. Kama ni lazima kumhamisha, subiri wiki mbili zipite, fanya gizani, na umvushe kwa bakuli ndani ya maji, sio kwa wavu. Au umeme ulikatika. Hili la mwisho wengi hawalihesabu: pampu ikisimama, hewa majini hupungua, na jike aliyejaza mdomo ndiye wa kwanza kukosa pumzi, akatema. Umeme ukikatika chukua jagi, chota maji ya tangi na uyamimine kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Ni kazi ya kuchosha usiku, lakini nimeokoa matago mawili hivyo.

Na usitishike ukimwona Tropheus jike anakula huku koo limejaa. Jike wa Tropheus hula akiwa na watoto mdomoni na kuwalisha humo humo. Burtoni ndiye anayefunga. Yeye akianza kula, basi ameshatoa au ameshameza.

"Ametoa kifaranga kimoja, tena kina ndevu"

Huyo si mtoto wake. Je, tangini una gogogo mwenye madoadoa, multipunctatus? Samaki huyu huvizia sikilidi wanapotaga, akamwaga mayai yake katikati ya mayai yao, na jike huyaokota yote mdomoni. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na vitoto vyake huwala wenzao humo humo ndani ya mdomo wa mama wa kambo. Mhamishe gogogo. Kama unapenda kumzalisha yeye, basi umekwisha kupata njia, ila jike wako utamchosha bure.

"Asubuhi vifaranga walijaa, jioni hakuna hata mmoja"

Kama hakuna maiti, wameliwa au wamevutwa na chujio. Funga sponji kwenye mdomo wa bomba la chujio. Brichardi usiwatenge watoto wakubwa na wadogo, kwa sababu kwao wakubwa hubaki nyumbani kusaidia kulinda wadogo zao. Ni jambo zuri kulitazama: kitoto cha sentimita tatu kikisimama mbele ya pango kumfukuza samaki anayekizidi mara nne.

Kama maiti zipo, zote kwa pamoja, na wakubwa wanayumba au wanaogelea kwa kuzunguka, nusa chumba. Mkoa wetu una malaria, na nyumba nyingi hupuliza dawa ya mbu. Dawa hizo nyingi ni za jamii ya pairethroidi, ambazo mtu huzivumilia lakini samaki hufa kwa kiasi kidogo mno. Pampu ya hewa huivuta hewa ya chumba na kuiingiza moja kwa moja majini. Kabla ya kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa nailoni hadi chini, na uache madirisha wazi saa mbili kabla ya kufunua.

Hili linalofuata lilinitokea mimi. Nilikuwa na vifaranga thelathini na mmoja wa duboisi, kazi ya mwaka mzima. Nikataka kuwatenga na wakubwa, nikakata kipande cha chandarua kipya, nikakishona kwenye fremu ya waya, kikatoka kizimba safi cha kuelea. Niliwaweka saa kumi jioni. Saa moja usiku wote walikuwa wamelala chini ya wavu, ubavu juu. Chandarua kile kilikuwa na dawa, ile ile ya jamii ya pairethroidi, iliyotiwa kiwandani ili idumu miaka. Hata kufua hakuitoi. Tumia kitambaa cha pazia jepesi, shela, au wavu wa kuchujia chai, chochote ambacho hakijawahi kuwa chandarua.

Wakifa mmoja mmoja kwa siku kadhaa huku tumbo limeingia ndani, ni njaa. Vifaranga wa mapangoni huanza kuogelea kama wiki moja baada ya mayai kuanguliwa, na midomo yao ni midogo kuliko tundu la sindano. Loweka jani kavu la mgomba kwenye mtungi wa maji ya ziwa, liache siku nne au tano. Maji yakionekana kama yana vumbi linalocheza kwenye mwanga, ndicho chakula. Baadaye unga wa dagaa uliopitishwa kwenye kitambaa, kidogo mara nne kwa siku. Vifaranga wa Tropheus hutoka mdomoni wakiwa wakubwa tayari, wape jiwe la kijani siku hiyo hiyo.

"Wamezidi, niwapeleke wapi?"

Usiwamwage ziwani, hata kama wazazi wao walitoka humo humo. Tropheus havuki mchanga. Kila pwani ya mawe ina rangi yake iliyojitenga kwa maelfu ya miaka. Wa Ikola ana mkanda wa njano, wa Maswa ni duboisi mwenye mkanda mpana, na ukiwaachia pale Bangwe watachanganyika na wa hapa, rangi ambayo haipo pengine duniani ikaharibika. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke Tropheus wa pwani mbili kwenye tangi moja: watazaa vizuri, na watoto hawatakuwa wa kokote. Na ukitaka kuvua wazazi wapya mwenyewe, pita kwanza kwa afisa uvuvi uulizie leseni.

Mimi kila tangi nimelibandika kipande cha plasta chenye jina la aina, pwani waliyotoka, na mwezi niliowaingiza. Anayekuja kuchukua vifaranga namwandikia hayo hayo juu ya mfuko, pamoja na idadi ya niliowageuza na kuwahakikisha: majike wangapi, madume wangapi, na wangapi bado ni wadogo mno kusemewa.